UZI: Mke wangu na sonona ya baada ya kujifungua, na ninachokijua kuhusu hizi dawa mpya

Baba Tumaini (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Jambo hili la sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nimekaa nalo zaidi ya mwaka. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita kwenye kikundi chetu cha walimu mtu alirusha habari ya "kidonge cha Marekani kinachoponya huzuni ya mzazi kwa siku tatu". Haikupita saa moja watu wakawa wanaulizana bei na nani ana ndugu huko amletee. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimewanyima watu kitu. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Kwanza yaliyotupata.

Tunaishi Nkuhungu. Mtoto wetu wa pili alizaliwa Julai, ule msimu wa upepo na baridi ya Dodoma. Alizaliwa kwa njia ya kawaida, kilo tatu na robo, mama mzima. Mama mkwe akaja kutoka Mpwapwa, akamkanda binti yake kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, kila kitu kikaenda kama kinavyoenda kwa wazazi wote. Wiki ya kwanza alikuwa analialia, tukasema ni uchovu. Wiki ya tatu machozi yakakauka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Saa tisa usiku naamka, mtoto analia kitandani, mama hayupo. Namkuta uani kachuchumaa kwenye beseni anafua nepi. Zile nepi alishazifua jioni, zikakauka, zikakunjwa. Amezitoa kabatini safi, akazirudisha majini. Nikamwambia, mama Tumaini, mtoto analia. Akanijibu bila kugeuka: "Nasikia." Akaendelea kufua. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa maji, na baridi ile mnaijua.

Mimi nikafanya nini? Nikamwambia akaze moyo. Nikamwambia wenzake wanatafuta mtoto hawapati. Nikampeleka kwenye maombi Jumatano nne mfululizo. Sidharau maombi, mimi mwenyewe ni mtu wa kanisani, lakini nilimpeleka kule kwa sababu nilikuwa nalikimbia neno moja ambalo kila mtu wa Dodoma analijua. Hapa kwetu ukisema fulani kapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, umemmaliza. Hospitali ile ipo tangu enzi za mkoloni, imetibu watu wa nchi nzima, na sisi majirani zake ndio tulioigeuza tusi.

Kliniki tulikuwa tunaenda kila tarehe. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa chanjo, kadi inajazwa, tunarudi nyumbani. Miezi mitatu hakuna aliyemuuliza mama analalaje.

Mwezi wa nne nesi mmoja, binti mdogo tu, alimtazama mke wangu usoni badala ya kutazama mizani. Akamweka pembeni akamuuliza maswali kumi. Baadaye nilijifunza kwamba ni kipimo kilichotungwa Edinburgh, Scotland, kikachapishwa mwaka 1987. Kinaulizia siku saba zilizopita tu: umeweza kucheka, umejilaumu bila sababu, umekosa usingizi kwa huzuni. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 30, na wengi huchukua 13 kwenda juu kuwa ni dalili kwamba mama amwone daktari. Swali la kumi linauliza kama wazo la kujidhuru limewahi kukujia.

Nilikuwa nimesimama mlangoni nimembeba mtoto. Tisa alijibu harakaharaka kama anajaza fomu ya benki. La kumi akanyamaza. Akashika pembe ya kanga akaanza kuikunja, akaikunja mpaka ikawa fundo dogo gumu. Halafu akasema, "Mara chache." Wakuu, nilikuwa nalala kitanda kimoja na mtu huyu.

Naendelea chini.

---

Baba Tumaini

Sasa dawa. Nitaeleza nilivyoelezwa na daktari na nilivyosoma mwenyewe usiku mwingi.

Mwanamke akiwa mjamzito mwili wake unajaa homoni ya projesteroni, na kiwanda chake kikubwa ni kondo la nyuma. Sehemu ya homoni hiyo mwili unaigeuza kuwa kitu kinaitwa alopregnanoloni, ambacho kazi yake ubongoni ni kutuliza. Kinaipa nguvu kemikali iitwayo GABA, na GABA ndiyo breki ya ubongo. Mtoto akitoka, kondo likitoka, kiwanda kimefungwa siku hiyohiyo. Ndani ya siku chache kiwango kinaporomoka. Kina mama wengi ubongo unajipanga upya wenyewe. Kwa wengine, ndivyo watafiti wanavyoeleza, breki inachelewa kushika.

Nilipoelezwa hivyo nilikaa kimya muda mrefu. Miezi minne nilikuwa namhubiria mtu akaze moyo, kumbe namwambia akanyage breki ambayo haina mafuta.

Dawa mpya zimetengenezwa kwa kufuata njia hiyo. Ya kwanza inaitwa breksanoloni, jina la dukani Zulresso. FDA, yaani mamlaka ya dawa ya Marekani, iliipitisha Machi 2019, ikawa dawa ya kwanza kabisa kupitishwa kwa ajili ya sonona ya baada ya kujifungua. Ila ilikuwa dripu. Mama analazwa, inaingia kwenye mshipa saa 60, siku mbili na nusu, huku anaangaliwa muda wote kwa sababu wengine walipoteza fahamu ghafla. Bei yake ilikuwa dola 34,000, bila kuhesabu kitanda. Kampuni yenyewe iliacha kuiuza mwisho wa 2024.

Ya pili ndiyo hiyo iliyorushwa kwenye vikundi: zuranoloni, jina la dukani Zurzuvae, iliyopitishwa Agosti 2023. Hii ni ya kumeza, mara moja jioni, siku 14, basi. Na ni kweli kuna walioanza kupata nafuu siku ya tatu. Ndiyo maana dunia imeshtuka, maana dawa za kawaida za sonona huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, kabla mtu hajahisi chochote.

Bei iliyotangazwa mwaka 2023: dola 15,900 kwa dozi hiyo moja ya siku 14. Piga hesabu kwa shilingi, ni karibu milioni 40. Kwa mshahara wangu wa ualimu sitaki hata kugawanya.

Na kuna jambo kwenye utafiti wenyewe ambalo waliorusha habari hawakulisema. Katika jaribio mojawapo kubwa walikuwa kina mama 196. Nusu wakapewa dawa, nusu wakapewa kidonge kisicho na kitu bila kujua. Wote wakapimwa kwa kipimo cha ukali wa sonona. Siku ya 15 waliopewa dawa walikuwa wameshuka alama 15.6. Waliopewa kidonge kitupu walishuka 11.6. Dawa imeshinda, na tofauti ya alama nne si ndogo kwa mgonjwa. Lakini tazameni hiyo 11.6. Hao hawakumeza dawa. Kuna ambao wangepata nafuu wenyewe kadiri siku zinavyokwenda, sawa, ila pia walikuwa na mtu anayewapigia, anayewauliza wamelalaje, anayeandika majibu yao. Mke wangu alikosa hata huyo kwa miezi minne, na huyo hauzwi milioni 40.

---

Chilonwa77

Mkuu pole sana na hongera kwa kufunguka. Ila niulize bila nia mbaya. Bibi zetu walizaa tisa, kumi, wakarudi shambani mtama ukiwa haujaota vizuri. Haya magonjwa mbona hayakuwepo? Si ni maisha ya mjini haya?

---

Bi Mkubwa wa Mvumi

Mwanangu Chilonwa, mimi nina miaka 68, acha nikujibu. Yalikuwepo. Mama yangu mdogo alipomzaa mwanae wa tatu aliacha kula, akawa anakaa nyuma ya nyumba anatazama ukuta. Walisema ana upepo. Walisema kamtusi mkwe. Mtoto alipodhoofika wakasema kabemendwa, wakamgeukia mume. Mtoto hakuishi. Mama mdogo alirudishwa kwao na hakuna aliyemtaja tena. Wewe husikii habari zake kwa sababu tulizificha. Usiseme hayakuwepo.

---

Chilonwa77

Bi Mkubwa shikamoo. Nimekuelewa. Nisamehe.

---

Nesi wa Zamu

Bi Mkubwa nami shikamoo, ulichosema hakihitaji kuongezewa neno.

Mimi niko wodi ya wazazi, sitasema wapi. Baba Tumaini umeeleza vizuri, niongeze ya kitaalamu.

Zuranoloni inamezwa pamoja na chakula chenye mafuta, la sivyo mwili hauifyonzi vizuri. Kwa chakula chetu fikiria chapati na mayai, au ugali na mboga ya karanga, si uji mwepesi. Inaleta usingizi mzito na kizunguzungu, kiasi kwamba onyo lake kubwa ni mtu asiendeshe gari kwa saa 12 baada ya kumeza, maana mwenyewe anaweza asijue kwamba amelewa dawa. Kwa hiyo usiku lazima awepo mtu mwingine wa kumbeba mtoto. Pombe hapana. Na atumie uzazi wa mpango siku zote za dozi na wiki moja baada yake, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto wa tumboni.

Kunyonyesha: kwenye majaribio makubwa kina mama waliacha kunyonyesha wakati wa dozi. Vipimo vingine vilionyesha inaingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, lakini ni mambo ya kukaa na daktari, si ya kuamua kwenye simu. Na walifuatiliwa hadi siku ya 45 tu. Ya mwezi wa sita hayamo humo.

Msiagizie dawa za akili kwenye mabegi ya watu. Ukiletewa kidonge bila daktari anayekufuatilia, hujui umeletewa nini.

Mnaosikia habari za ketamini: ndiyo, ni ileile ya usingizi tunayoijua thieta. China walichapisha utafiti mwaka 2024, kina mama 361 waliokuwa na dalili za sonona tangu ujauzito. Waliochomwa dozi ndogo moja ya ndugu yake, esiketamini, mara tu baada ya kujifungua, wiki sita baadaye waliokuwa na sonona kamili ni asilimia 6.7. Waliochomwa maji ya chumvi yasiyo na dawa ni 25.4. Inatia matumaini, na mimi naisubiri kwa hamu kuliko hicho kidonge cha milioni 40. Lakini ni ya hospitalini, mikononi mwa wataalamu wa usingizi.

---

Mama Pacha

Mimi ni wa Kizota. Nilipewa amitriptilini. Mdomo unakauka kama umekula ndulele, usingizi mpaka saa nne asubuhi, na nina watoto wawili wa kunyonyesha. Nikaacha baada ya siku tisa, nikaambiwa nimekaidi. Hakuna aliyeniambia kwamba zipo nyingine. Je, za bei nafuu zipo, na ni zipi?

---

Nesi wa Zamu

Pole mama. Hukukaidi, hukuelezwa. Amitriptilini ni dawa ya zamani, inafanya kazi, ila usingizi na mdomo kukauka ndiyo tabia yake. Fluoksetini nayo imo kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu. Sertralini ndiyo wataalamu wengi wanaipendelea kwa anayenyonyesha kwa sababu inayofika kwa mtoto ni kidogo mno. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu na hufika zaidi kwenye maziwa, lakini kama ndiyo iliyokusaidia kabla, daktari anaweza kukuacha nayo. Rudi umwambie daktari neno kwa neno ulivyotuandikia hapa. Na aliyekwisha kuzizoea asiziache ghafla siku moja, zinapunguzwa polepole.

Omba pia upimwe wingi wa damu na, ikiwezekana, tezi ya shingo. Mama aliyevuja damu nyingi anaweza kuchoka na kununa akaonekana ana sonona kumbe damu iko chini.

---

Baba Tumaini

Mama Pacha, wa kwangu alipewa sertralini, daktari akamwanzishia nusu kidonge. Tuliinunua duka la dawa mjini, ya mwezi mzima haikufika bei ya gunia la mkaa.

Wiki ya kwanza kichefuchefu tu. Mama mkwe akaona, akasema dawa ya wagonjwa wa akili itaingia kwenye maziwa imharibu mjukuu wake. Siku moja natoka shule nakuta vidonge havipo. Vilikuwa chini kabisa ya debe la unga wa uwele. Hakuwa na ubaya mama yule, alikuwa anamlinda mtoto kwa ujuzi alionao. Ila tulipoteza siku kumi na mbili. Ikabidi nimpandishe bodaboda mpaka kwa daktari aelezwe uso kwa uso. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Kwa hiyo si moyo wake?" Akajibiwa, si moyo wake. Tangu siku hiyo yeye ndiye alikuwa anamletea kidonge na kikombe cha maji, na anasubiri mpaka kimemezwa.

Wiki ya tatu tangu tuanze upya, nimerudi jioni nina vumbi la chaki, mke wangu akanitazama akaniuliza, "Umekula?" Neno hilo sikuwa nimelisikia tangu Julai. Nilitoka nje nikasimama pale kwenye mti wa mwarobaini kama dakika kumi.

Alimeza mpaka miezi minane, kwa sababu tuliambiwa usiache mara unapojisikia vizuri, vuta angalau miezi sita mbele.

---

Mtumba Daily

Swali la sera kidogo. Kama kidonge ni milioni 40, serikali ifanye nini? Tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii huko vijijini.

---

Baba Tumaini

Mkuu umegusa ninapopataka. Pakistan walifanya hivyo vijijini kwao, matokeo yakachapishwa 2008. Waliwachukua wahudumu wa jamii, wanawake wa kawaida waliokuwa tayari wanatembelea kina mama, wakawafundisha namna ya kukaa na mama mwenye sonona, kumsaidia kutazama mawazo yake na kupanga siku yake na mtoto. Hakuna kidonge. Mtoto alipofika miezi sita, katika waliotembelewa namna hiyo wenye sonona walikuwa asilimia 23. Waliotembelewa kwa utaratibu wa kawaida, asilimia 53. Shirika la Afya Duniani likautoa mpango huo kama mwongozo kwa nchi zote mwaka 2015.

Shirika hilohilo linasema katika nchi zetu kama mama mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua. Simama mlangoni pa kliniki yoyote ya Bahi au Chamwino siku ya chanjo, hesabu watano watano walioketi kwenye benchi.

Mimi naomba kitu kimoja kidogo. Ile kadi ya kliniki ambayo mama anaibeba kila mwezi, iwe na nafasi ya yale maswali kumi. Yanachukua dakika tano.

---

Kijana wa Kondoa

Wakuu nimesoma wote mpaka hapa na mikono inatetemeka. Mke wangu ana wiki tano tangu ajifungue. Halali hata mtoto akilala. Anasema mtoto akibaki na mimi atakufa. Hali chakula. Hasikii sauti wala haoni vitu. Mama yangu anasema ni mtoto wa kwanza, atazoea. Nifanye nini leo hii?

---

Nesi wa Zamu

Umefanya vema kutaja sauti, maana hilo ndilo la kwanza kuuliza. Angekuwa anasikia sauti, au anaongea visivyoeleweka, au hajalala siku tatu na wala haoni kwamba anahitaji usingizi, hicho ni kile watu wanaita kichaa cha uzazi. Kinampata mama mmoja au wawili katika 1,000, mara nyingi wiki mbili za mwanzo, na ni dharura ya saa hiyohiyo, hospitali, usiku au mchana. Hizi dawa mpya si za hicho.

Wa kwako mpeleke kesho asubuhi hospitali ya wilaya, usimwache aende peke yake. Useme "sonona baada ya kujifungua" kwa mdomo wako, usiseme "hajisikii vizuri". Leo usiku asibaki peke yake. Muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizi wazo. Akisema ndiyo, au ukiona hali imebadilika, usingoje asubuhi.

---

Baba Tumaini

Kijana, mke wangu amekaa hapa pembeni, amesoma ulichoandika. Anaomba nimwandikie maneno yake kama yalivyo:

"Mwambie mkewe kwamba hata mimi nilimsikia mwanangu akilia kama analia nyumba ya jirani. Nilijua ni wa kwangu, lakini mwili ulikuwa hauinuki. Sikuwa simpendi. Leo akikohoa chumba cha pili naamka kabla hajamaliza. Aende."

---

Kijana wa Kondoa

Nimemsomea. Amelia. Ni mara ya kwanza analia tangu wiki mbili.

---

Kijana wa Kondoa

Tumetoka sasa hivi. Ameulizwa yale maswali, amepata 17, la kumi amejibu hapana. Wamempima damu, wamempa dawa, tarehe ya kurudi ni baada ya wiki mbili. Mama yangu alikuja nasi, daktari amemweleza. Mimi nimeambiwa usiku ni zamu yangu, mama apate saa nne au tano za usingizi bila kuamshwa. Sasa naomba kujua, mtoto akilia saa nane ya usiku nitajuaje kama ni njaa au ni tumbo?

---

Baba Tumaini

Akamue kabla ya kulala, maziwa yawe kwenye kikombe safi kilichofunikwa. Akilia, mnyweshe kwa kijiko, taratibu, usimlaze chali. Akishiba muweke begani, kichwa chake kipite bega, upapase mgongo mpaka acheue. Akiendelea kulia, tembea naye sebuleni, taa usiwashe. Mlango wa chumba ufunge.